Kiti cha Mbele

Miaka ile ya operesheni ya vijiji, kiti cha gari lako kikipasuka hapo Korogwe, hukuwa na pa kwenda ila kwa Mdoe. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stesheni ya reli, mabati matatu juu ya nguzo za mkonge, na mbele yake hazikukosekana gari moja au mbili zimefunguliwa milango kama kuku anayehema kwa joto. Madereva wa mabasi walimjua, wa malori ya mkonge walimjua, hata padri wa misheni alikuwa haleti Volkswagen yake kwa mtu mwingine. Mdoe alikuwa Mzigua wa Kwaluguru, mrefu, mkavu, gumba la mkono wa kulia limepinda kwa kusukuma shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia.

Kazi alifundishwa na Kalasinga mmoja katika karakana ya shamba la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa, Kalasinga alifunga virago akawafuata ndugu zake ng'ambo, na siku ya kuagana akamwachia Mdoe cherehani nzito ya kushonea ngozi pamoja na kipande kikubwa cha ngozi ya ng'ombe, ngozi ya kweli, rangi ya hudhurungi, ambayo hata ukiikunja na kuikalia haiachi alama. "Hii usimpe kila mtu," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hii subiri gari yake." Mdoe aliizungushia gunia akaiweka juu ya dari, na miaka ikapita haijapata gari yake. Watu walishonewa reksini, ile ngozi ya plastiki, na reksini ilipoadimika madukani walishonewa turubai, na ndani ya mito yao Mdoe alisindilia usumba wa makumbi ya nazi na mabaki ya katani, wakakaa, wakashukuru.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Abdi, dereva. Walitiwa jandoni siku moja, wakauguza vidonda vyao katika kibanda kimoja, na kwa Wazigua hilo si jambo dogo. Mama wa mmoja huwa mama wa mwenziwe. Abdi alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye watoto wengi. Operesheni ilipoanza alipewa Landrova la kumwendesha Bwana Semboja, msimamizi wa kuhamisha watu upande wa Kwaluguru na Kang'ata. Viti vya mbele vya gari hilo vilikuwa vimekwisha kabisa, springi zimetokeza nje, na Mdoe ndiye aliyevifumua akavishona upya kwa reksini nyeusi aliyoipata kwa kubembeleza. Bwana Semboja alipovikalia mara ya kwanza alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuwa mtu wa kufoka. Alisema taratibu, alivaa shati lililopigwa pasi, na wakubwa kwa wadogo aliwaita ndugu.

Na Mdoe hakuwa mpinzani wa operesheni, hilo lisemwe mapema. Kadi ya chama alikuwa nayo, na kwenye mkutano wa hadhara uliofanyika sokoni alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi mpaka viganja vikawaka. Aliamini. Alizaliwa kwenye kitongoji ambacho ukiumwa na nyoka unafia njiani kabla ya kufika Handeni kwa mganga mwenye sindano. Baba yake alikufa hivyo hivyo. Sasa serikali inasema watu wakae pamoja, wapate maji ya pampu, zahanati na shule. Mtu mwenye akili atakataaje?

Mama yake, Bi Mashavu, alikataa.

Ili kumfuata huko Kwaluguru, Mdoe alipanda basi mpaka Handeni, kisha akapata lifti ya lori la mahindi, sehemu iliyobaki akaenda kwa miguu. Alimkuta mama yake ukumbini anamenya mihogo. Ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua zilikuwa zimekataa, na hiyo mihogo ilikuwa myembamba kama vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umetumwa?"

"Nani anitume? Nimekuja kukuona."

"Mtu anayekuja kuniona hutangulia kukaa. Wewe umesimama kama mgambo."

Mdoe akakaa. Dada yake Hamisa, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili na mumewe, akamletea maji. Wakazungumza ya mvua, wakazungumza ya wagonjwa, mwishowe ikabidi wafike kwenye jambo lenyewe.

"Mama, siku yenu inakaribia. Mihogo hii watu watairudia baadaye. Kule kuna kisima cha pampu. Hapa ukiugua nani atakubeba?"

"Mbona sijaugua?" Bi Mashavu alitupa ganda pembeni. "Sikiliza, Mdoe. Nimewaona wenzetu wakipitishwa hapa. Wamerundikwa juu ya vitanda vyao na kuku wao na vinu vyao, mtu hujui mguu wake uko wapi. Mzigo ndio unaopakiwa. Mimi nimefika umri huu sijapata kupakiwa, na sitaki kuanza leo."

"Hutapakiwa. Utakaa mbele."

"Mbele ya nini?"

"Mbele ya Landrova, kwenye kiti. Nitamwambia Abdi. Na kiti hicho mama, nimekishona mimi."

Bi Mashavu akaacha kumenya. Hakuwahi kufika Korogwe tangu mwanawe aanze kazi ile. Alijua tu kwamba anashona, na kwa muda mrefu alidhani anashona kanzu.

"Wewe umeshona kiti cha gari la serikali?"

"Kwa mikono hii."

Mama akacheka, akamgeukia Hamisa. "Unamsikia kaka yako? Haya. Nitapanda. Si kwa ajili ya hiyo pampu yenu, nitapanda nikione hicho kiti."

Mdoe alirudi Korogwe moyo mweupe. Abdi alipoambiwa alijipiga kifua. "Mama yako mama yangu. Mbele nafasi ziko tatu. Nitamweka katikati yangu na bwana mkubwa, na bwana mkubwa nitajua namna ya kumwingia."

Siku ya kuhamishwa Kwaluguru ilipita, na ya pili yake, na ya tatu. Mdoe alikuwa na kazi ya basi la watu wa Lushoto, hakuweza kutoka. Siku hiyo ya tatu, jua likiwa utosini, akamwona Abdi anakuja kwa miguu kutoka barabarani, amebeba kichwani mito miwili ya kiti iliyofungwa ndani ya gunia. Akaitua chini.

"Mama je?" Mdoe aliuliza hata kabla ya salamu.

Abdi alikuwa akifungua kamba ya gunia. "Kafika."

"Kafika salama?"

"Kafika salama."

"Alhamdulillahi. Alikiona kiti? Alisemaje?"

"Alikisifu sana," Abdi akasema, na kamba ikamshinda, ikabidi Mdoe aikate kwa kisu.

Harufu iliwafikia kabla ya mito yenyewe kutoka. Mito ilikuwa imesafishwa kwa maji na majivu, lakini uchafu ulikuwa umepenya kwenye mishono ukaingia mpaka kwenye usumba. Mto wa katikati, ukingo wake wa mbele, ule mshono wa duara ambao Mdoe aliushona mara mbili ili usifumuke, ulikuwa umeng'oka. Haukukatwa. Ulikuwa umevutwa, na reksini imechanika pande mbili kwa michirizi mifupi mifupi iliyokaribiana.

"Lahaula! Kimefanywa nini kiti changu?"

"Mbuzi," alisema Abdi.

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa watu. Alipakiwa mbele kwa kukosa nafasi. Akachafua, akaparura. Bwana mkubwa anataka vibadilishwe vyote, hawezi kukalia harufu ile."

Mdoe akacheka. Alicheka kweli, mikono kiunoni. "Mbuzi gani huyo asiye na adabu! Kapewa kiti cha mbele akakinyea! Wangemchinja hapo hapo." Akaendelea na mzaha huo kwa muda, akimtaja mbuzi kwa vyeo, ndugu mbuzi, mheshimiwa mbuzi, na akashangaa kwamba Abdi, bingwa wa mizaha, hakuokota hata mmoja. Akadhani ni uchovu.

Alipofumua kava akapanda darini, akashuka na gunia la ngozi ya Kalasinga. Abdi alipoiona alimshika mkono.

"Usitumie hiyo. Weka turubai, inatosha."

"Turubai kwa Bwana Semboja? Abdi, fikiri. Viwanja kule vinagawiwa na nani? Nataka mama apewe karibu na pampu, asiteseke na ndoo. Mtu akikalia kitu kizuri humkumbuka aliyekishona."

"Mdoe, nakuomba. Weka turubai."

"Wewe una nini leo? Kaa nikuletee chai."

Abdi hakukaa. Alisema atavirudia vikiwa tayari, akaondoka kwa haraka, na gunia lake akalisahau.

Mdoe alifanya kazi ile kama anayejishonea nguo ya Idi. Aliutupa usumba wote wa zamani, akasindilia mpya, akapima, akakata ngozi kwa uangalifu asiharibu hata kipande cha upana wa kidole. Alishona ukingo kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizopata kufanya. Hata mafundi wa karakana ya reli walipita kuitazama, wakapapasa, wakaguna. Abdi alipokuja kuvichukua alitazama chini muda wote, akasema "Mungu akulipe," akavibeba.

Hamisa alifika Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Alishuka kwenye lori, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, hana mzigo wowote. Mdoe alipomwona tu alijua, maana dada yake hakuwa mtu wa kusafiri mikono mitupu.

"Mama hayupo," Hamisa alisema.

Mdoe alimkalisha kwenye gogo la kushonea. Hamisa hakulia. Alikuwa keshalia kwao yakamwisha, akasimulia kama mtu anayesoma. Siku ile asubuhi Landrova lilifika na malori mawili. Bi Mashavu alikuwa ameoga, amejifunga kanga mpya, amekaa mlangoni anasubiri. Abdi akampandisha mbele. Mzee Mhina, jirani yao mwenye mguu mbovu, akapandishwa nyuma ya gari lile lile. Na yote yaliyofuata ni Mzee Mhina aliyeyaona. Njia ilikuwa mbaya, jua kali, tumbo la mama halikuwa na kitu ila uji. Harufu ya petroli ikamlevya. Akatapika, kisha mwili ukamshinda, akajichafua. Bwana Semboja akaamuru gari lisimame. Kule kijiji kipya kulikuwa na wageni wakubwa wanaosubiri kuwapokea wahamiaji, ngoma zimeshapangwa, na yeye suruali yake imechafuka. Hakumtukana mama. Alimwambia kwa upole, "Mama, shuka upumzike kivulini, lori linakuja nyuma yetu, litakuchukua."

"Mama akasema hashuki," alisema Hamisa. "Akasema kiti hiki kashona mwanangu. Akakishika kwa mikono miwili. Mzee Mhina anasema Bwana Semboja alimtazama Abdi tu, hakusema neno. Abdi akazunguka upande wa pili, akambandua vidole kimoja kimoja, akamteremsha. Akamwachia chupa yake ya maji."

Mdoe aliinamisha kichwa. Mbele yake, chini, palikuwa na vipande vya reksini nyeusi alivyovifumua, bado hajavitupa.

"Na lori?"

"Lori moja lilikuwa limetangulia, la nyuma ndilo tulilopanda sisi. Tulivunja ekseli korongoni, hata hatujafika mbali. Tulilala pale pale. Asubuhi ndipo likaja jingine kutuchukua, na tulipofika kwenye migunga tukamwona ameegemea mti. Alikuwa keshapoa. Dereva akasema hana ruhusa ya kubeba maiti, tumzike hapo hapo. Wakatupa sepeto. Tukamzika kando ya barabara, kaka, kwenye kanga yake, na waliojua dua wakasoma."

"Siku gani hiyo mlimzika?"

"Jumanne."

Abdi alileta kiti Jumatano.

Mdoe alimkuta Abdi nyumbani kwake anakula na wanawe. Abdi alipomwona mlangoni aliosha mkono kabla hajashiba, akawaambia watoto watoke.

"Nilidhani lori linakuja," alisema. "Haki ya Mungu, Mdoe. Wageni walipoondoka nilifikiri tayari yuko kijijini na Hamisa. Kesho yake ndiyo nikasikia."

"Na keshokutwa yake uliponiambia mbuzi? Bado lori lilikuwa linakuja?"

Abdi alisogeza sahani ya chakula kando.

"Mimi nilicheka, Abdi. Umesimama pale unanitazama, ukaniacha nacheka."

"Ulitaka nikuambie nini? Na mito nimeibeba kichwani, nikuambie nini? Nina watoto saba. Wangenifukuza siku hiyo hiyo. Unajua wanamwitaje mtu anayebishana na operesheni."

"Ungesema tu ni mama yako. Maneno matatu. Mama yangu huyu."

"Nilitaka kusema!" Abdi akapandisha sauti, kisha akaishusha kwa ajili ya watoto. "Nilitaka. Mdomo ulikataa. Lakini na wewe usinifanye mimi peke yangu muuaji. Nani aliyemwambia apande? Wenzake wakaidi waliingia porini, wapo mpaka leo, wanaishi. Yeye nilimkuta kajipamba. Njia nzima ananionyesha mishono. 'Tazama alivyopiga hapa, tazama hapa.' Ni wewe uliyemtoa ndani, Mdoe, si mimi."

Mdoe alisimama akimtazama rafiki yake wa jandoni. Akatoka. Uani mke wa Abdi alimpa pole, akapita kama hakumsikia.

Landrova alilikuta limeegeshwa mbele ya duka la ushirika, mlango wazi, Bwana Semboja ndani ya duka anazungumza na meneja. Alipotoka alitanua uso.

"Aa, fundi! Umetuheshimisha. Kila mgeni anauliza nani kashona."

"Yule bibi mliyemshusha njiani alikuwa mama yangu."

Bwana Semboja alisimama. Akavua kofia, na kwa kweli uso wake ulibadilika. "Pole sana, ndugu. Pole sana. Nimesikia kwamba alifariki, nimesikitika mno." Akatikisa kichwa. "Lakini huyu Abdi mbona hakuniambia kama ni mama wa fundi wetu? Tungefanya mpango."

"Na angekuwa mama wa mtu mwingine?"

Bwana Semboja alirudisha kofia kichwani. "Ndugu, tusilumbane barabarani. Njoo kesho ofisini tuone la kufanya kuhusu msiba."

Mdoe hakungoja kesho. Aliingia nusu mwili ndani ya gari, akatoa kisu chake kidogo cha kufumulia, akaanza na mshono wa ukingo. Hakuchana, hakurarua. Alifumua tundu kwa tundu, kama alivyofundishwa, akivuta uzi taratibu ili ngozi isiumie, na waliopita walidhani fundi yuko kazini. Bwana Semboja mwenyewe alisimama akitazama kwa muda, hajui kama anaibiwa au anarekebishiwa. Mpaka mito yote ilipobaki uchi, usumba nje, Mdoe akaikunja ngozi akaitia kwapani.

"Kiti ni chenu," alisema. "Ngozi ni yangu."

Alipofika kwenye kona ya soko mgambo walikuwa wameshamfikia.

Shitaka lilikuwa kuharibu mali ya umma, na juu yake likaongezwa neno la kuzuia shughuli za operesheni, na hilo la pili ndilo lililokuwa zito. Abdi aliletwa kutoa ushahidi. Aliulizwa kama kiti kilikuwa kizima siku ile asubuhi. Akasema kilikuwa kizima. Aliulizwa kama amekiona baada ya hapo, akasema amekiona. Hakuulizwa lingine, na yeye hakuongeza. Mdoe alimtazama tangu alipopanda kizimbani mpaka aliposhuka, akingoja wakutane macho tu, basi. Alipotakiwa kujitetea alisema habari za mama yake, na hakimu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba msiba ni msiba na kiti ni kiti. Akafungwa. Ngozi ikabaki mahakamani kama kielelezo, na mpaka leo hajui ilimshonea nani viatu.

Alipotoka, msimu wa pili wa mihogo ulikuwa umeshapandwa. Nyuma ya stesheni palikuwa na kibanda cha mtu wa kuziba mipira ya baiskeli. Cherehani ya Kalasinga ilikuwa imechukuliwa kuwa ya ushirika, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuitia uzi, iliwekwa ghalani pamoja na majembe mabovu, sindano imevunjika, panya wametafuna mkanda wake. Bwana Semboja alikuwa amehamishwa kwa kupandishwa cheo. Watu walisema alifanyiwa karamu ya kuagwa na alilia alipokuwa akitoa shukrani.

Mdoe alikwenda kwa Hamisa, kule kijiji kipya upande wa Kang'ata. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, moja kama nyingine. Pampu ilikuwa imekufa, wanawake wanateka maji ya dimbwi. Lakini shule ilikuwepo kweli, na watoto wa Hamisa walikuwa wakisoma, wanajua kuandika majina yao, na Mdoe alipowasikia wakiimba herufi alishindwa kujua amkasirikie nani. Hamisa alimpa chumba na chakula. Alimpakulia bada ya muhogo na mlenda kila jioni, akamwekea maji ya kunawa, akamwita kaka. Hakumlaumu hata siku moja. Ila habari za siku ile hakuzitaja tena mbele yake, na mtu akimtaja marehemu yeye huinuka akaenda jikoni, na Mdoe alijua maana yake.

Madereva walimfuata mpaka huko. Aliwaambia mikono imesahau. Alilima.

Abdi alikuja mwaka wa pili, na Landrova jingine, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Alileta sukari na sabuni, vitu vilivyokuwa havionekani. Mdoe alimpa kigoda, akamletea maji ya kunywa, kama mgeni yeyote anavyostahili. Sukari ilibaki pale alipoiweka.

"Silali, Mdoe."

"Watu wengi hawalali."

"Nimekuja uniambie neno. Hata tusi. Nitukane."

"Maji hayo unywe, njia ni ndefu."

Abdi akanywa. Baadaye akasema, "Basi nipeleke kaburini. Nimsomee."

Mdoe alifikiri kukataa. Kisha akainuka, wakapanda gari, yeye nyuma, kama alivyokaa Mzee Mhina siku ile. Walipofika kwenye migunga Abdi akasimamisha, wakashuka. Barabara ilikuwa imepanuliwa. Katapila lilikuwa limepita kiangazi kile, limesukuma udongo pande zote mbili, limeng'oa miti mingi, na tuta la udongo mwekundu lilikuwa limelala kando urefu wote wa macho. Mdoe alikuwa ameonyeshwa kaburi na Hamisa mara moja tu, siku za mwanzo, mawe matatu chini ya mgunga uliopinda. Akaenda mbele, akarudi. Mgunga uliopinda hakuuona.

"Nilimwacha hapa," Abdi alisema, amesimama mahali pamoja, ananyoosha mkono. Kisha akasogea. "Au pale. Palikuwa na kichuguu."

"Hapakuwa na kichuguu."

Walitafuta mpaka jua likaanza kuwachoma shingo. Mwisho Abdi akapiga magoti kwenye tuta, mahali tu, akanyoosha viganja na kuanza kusoma Fatiha. Sauti ilimkatika katikati, akaanza tena. Mdoe alisimama kando, mikono chini. Abdi alipomaliza akageuka, akamngoja aitikie amina.

Mdoe akaanza kurudi kwa miguu. Alikuwa ameenda hatua nyingi aliposikia injini nyuma yake. Gari likamfikia, likapunguza mwendo likawa linakwenda sawa naye, na mlango wa mbele ukafunguliwa kwa ndani.

"Panda, ndugu yangu. Ni mbali."

Mdoe alihamia upande wa pili wa barabara, ule ambao vumbi halikuwa likielekea, akaendelea kutembea.